Kiungo wa Siyu: Nipe Pasi Nikupe Pasi

Turudi uwanjani haraka, kabla jezi hazijachanika.

Badawi tulimwacha kifua wazi, katikati ya uwanja wa kijiji cha Siyu, kisiwani, Siku ya Madaraka, mwaka wa tatu wa uhuru. Mjomba wake, Mzee Mohdhar, mkuu wa timu ya Siyu, kamshika mkono wa kulia na kumtia jezi ya kijani kiganjani. Bwana Phineas, Ofisa wa Idara ya Ustawi na Burudani, kamshika wa kushoto na kumtia jezi nyekundu ya Timu ya Watumishi wa Serikali. Kila mmoja anavuta kwake. Mabega ya Badawi yanalia kama bawaba za mlango mkuukuu.

"Damu yetu huyu!" alinguruma Mohdhar. "Kavyaliwa nyumba ile pale! Badawi, ukivaa nyekundu, usiniite mjomba tena!"

Bwana Phineas hakunguruma. Wakubwa hawangurumi. Alipapasa tu mfuko wa koti lake, ikachungulia bahasha ya kaki, kisha akasogeza mdomo sikioni.

"Pasi yako ya kusafiria imefika kutoka Nairobi," alinong'ona. "Ninayo hapa, bado imefungwa. Na mimi leo nacheza mbele, namba tisa. Tuelewane kama wanamichezo, Badawi. Wewe nipe pasi, mimi nikupe pasi."

Badawi akaikodolea macho ile bahasha.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: kijana huyu aliondoka Siyu miaka sita nyuma, akawa kiungo wa timu ya makuli wa Mombasa. Akavuka hadi Aden, akaandikwa kazi ya ukarani wa ghala ambalo hakuwahi kuliona mlango, maana kila siku alikuwa uwanjani. Huko akaonwa na Mskochi mmoja wa jeshi, naye akampeleka kwao, kwenye klabu ya daraja la pili iitwayo Kilbrae. Watu wa Siyu jina hilo liliwashinda, wakaliita Kilibure, na wako walioamini kabisa kwamba huko watu hula bure.

Kilibure alicheza misimu miwili, mechi arobaini na moja, katika tope la kufika magotini na baridi ya kung'oa kucha. Jina la Badawi nalo liliwashinda wenyeji. Wakamwita Edi.

Alirudi nyumbani Aprili kwa ajili ya arobaini ya baba yake. Pasi yake ya zamani, ya enzi za Mwingereza, ikachukuliwa na ofisi ya Bwana Phineas ibadilishwe. Tangu hapo ni njoo kesho, njoo Alhamisi, karani yuko likizo. Na barua ya meneja wa Kilibure ilikuwa wazi kama jua la saa sita: asipokuwa kambini tarehe mosi Julai, nafasi yake atapewa mwingine.

"Chagua!" alifoka Mohdhar.

"Chagua," alinong'ona Phineas.

Kabla hajachagua, Kamati ya Sherehe ikaingilia kati.

Kamati hii ilikuwa na watu kumi na saba, nayo ilikuwa imetumia siku tatu nzima kuamua rangi ya kitambaa cha kufunikia viti vya wageni. Lakini leo haikuwa na muda. Mashua iliyowaleta wakubwa ilikuwa imefungwa mkononi mwa bahari, katikati ya mikoko, na mkono ule hupitika maji yakijaa tu. Nahodha Yunusi alishaonya: maji yakipwa, wakubwa watalala Siyu. Na hakuna jambo linaloharakisha kazi ya serikali kama mkubwa kuogopa kulala kijijini.

Mwalimu Fanuel, katibu wa Kamati, akapata ufumbuzi.

"Waheshimiwa, kiungo kazi yake ni nini? Si kuunganisha? Basi na atuunganishe! Kipindi cha kwanza achezee Watumishi. Kipindi cha pili achezee Siyu. Haki kwa wote!"

Makofi yakalipuka. Kamati ikapongezana kwa kupeana mikono. Kila mtu aliulizwa kama ameridhika, hata mwenye punda aliyeleta meza. Kiungo mwenyewe hakuulizwa.

Badawi akavaa nyekundu.

Filimbi ikalia. Refa alikuwa Sajini Wafula wa polisi, mtu mrefu, mnyoofu, ambaye kabla ya kupuliza filimbi alimpigia saluti Bwana Ofisa.

Bwana Phineas alijipanga hatua tatu mbele ya goli la Siyu, akakaa hapo. Kukimbia hakukulingana na cheo chake. Mabeki wa Siyu nao hawakuthubutu kumkaba. Mmoja alikuwa na ombi la kiwanja mezani kwake, mwingine alikuwa na ombi la leseni ya duka. Walimpisha kama anayepishwa mlangoni.

Badawi akaupokea mpira, akawahadaa wawili, akampa Bwana Ofisa pasi safi, laini, ya kumwekea mtoto mchanga.

Phineas akapiga hewa. Kiatu kikaruka, kikatangulia golini peke yake.

"Mbele kidogo!" alimkaripia Badawi. "Hiyo ilikuwa nyuma!"

Badawi akampa nyingine, mbele kidogo.

"Sasa mbele mno!"

Ya tatu ilimkuta akiwapungia mkono wageni. Ya nne alisema jua lilikuwa machoni. Ya tano alilaumu mpira, kwamba haukujazwa upepo kwa kufuata utaratibu.

Dakika ishirini zikapita. Badawi akatazama ile bahasha kwenye koti lililotundikwa kitini, akatazama mwili mpana wa Bwana Ofisa, akapima. Kisha hakumpasia tena. Alimlenga.

Mpira ukamgonga Bwana Phineas tako la kulia, ukabadili njia, ukaingia wavuni polepole kama mgeni mwenye haya.

Bwana Phineas akageuka, akautazama wavu.

"Nimefunga?" aliuliza Phineas.

"Umefunga, Bwana."

"Nilikuwa nimekusudia," alisema Phineas, akaanza kukimbia uwanja mzima kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Moja bila. Na kabla ya mapumziko Badawi akaongeza la pili, mwenyewe, kwa shuti la mbali lililompita kipa wa Siyu, binamu yake, kabla hajanyanyua mkono. Binamu alibaki amemkodolea macho. Badawi akainamisha kichwa.

"Mzungu!" umati ukampigia kelele. "Msaliti! Rudi Kilibure ukale!"

Kando ya uwanja, kwenye kivuli cha ukuta, wanawake walikuwa wametandika mikeka. Mmoja akamgeukia Bi Mwanamkisi, mama yake Badawi.

"Mwanao katuuza."

Bi Mwanamkisi hakumtazama. "Mwanangu yuko kazini," alisema.

Mapumziko!

Badawi akavua nyekundu, akavaa kijani, na papo hapo ulimwengu ukageuka. Waliomwita msaliti wakamwita simba. Mzee Mohdhar akaja mbio na dafu, machozi yakimlengalenga.

"Mpwa wangu! Damu yangu!"

"Mjomba, ulisema nisikuite mjomba."

"Nilisema ukivaa nyekundu! Kwani hii uliyovaa ni nyekundu? Kunywa dafu, wacha fitina."

Hajamaliza dafu, Bwana Phineas akapita karibu, akijifanya anajinyoosha.

"Cheza, Badawi, sikukatazi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kwa hekima. Mkipata goli moja si vibaya, ni demokrasia. Mawili ni uchochezi." Akalivaa koti lake juu ya jezi, akaipapasa bahasha. "La tatu sitaki hata kulitaja."

Kipindi cha pili kikaanza, na Badawi akaogopa.

Tusimfiche. Aliogopa. Aliifikiria Julai mosi, akakifikiria chumba chake kidogo Kilibure, na jezi namba sita iliyokuwa yake kwa jasho lake. Mpira ulipomjia, aliupoteza. Ulipomjia tena, akampa adui. Alijikwaa pasipo jiwe. Siyu wakaanza kuguna.

Ndipo akamwona mama yake anasimama. Bi Mwanamkisi aliukung'uta mkeka wake, akaukunja, akautia kwapani.

"Wenda wapi, Bi Mwanamkisi? Mpira haujesha!"

"Miaka sita naambiwa mwanangu ni fundi," alijibu, wala hakushusha sauti. "Nisimuone hata siku moya. Yeo nimekuya kumuona fundi, nimeona mtu aangukao kusudi. Nenda zangu nikapike."

Maneno yale yalivuka mstari wa chokaa, yakamchoma Badawi kwenye mbavu.

Mpira ukamjia. Safari hii hakujikwaa.

Alimpiga mmoja chenga ya bega, akampitishia wa pili mpira kati ya miguu, akainua kichwa mara moja tu, akaachia. Mpira ukaenda chini chini, ukilamba mchanga, ukajaza kona ya wavu. Mbili kwa moja. Demokrasia!

Bi Mwanamkisi akautandika mkeka tena.

Dakika nane baadaye Badawi aliwavuta Watumishi wanne upande mmoja, kama anayewavuta kuku kwa mtama, kisha akaupeleka mpira upande wa pili, ambako winga wa Siyu, mshona viatu vya ngozi, alikuwa amesahauliwa. Mbili kwa mbili.

"Uchochezi!" alipiga yowe Bwana Phineas. Akaacha ushambuliaji wake, akarudi nyuma kulinda goli kwa mwili wake mzima.

"Mai yapwa!" Sauti ya Nahodha Yunusi ikasikika kutoka mikokoni. "Jamani, mai yapwa! Robo saa tu, mashua yakaa tini!"

Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.

Kona ya Siyu. Badawi akaipiga, ikapinda kuelekea golini, na Bwana Phineas akaruka, akaudaka mpira kwa mikono miwili kama anayedaka embe.

Hakuwa kipa.

Uwanja mzima ukamgeukia Sajini Wafula. Wafula akatazama angani. Akatazama vifungo vya koti la Bwana Ofisa. Filimbi ilikuwa mdomoni, pumzi haikutoka.

"Wafula," alisema Phineas, bado kaukumbatia mpira, "kuna kituo huko jangwani kinatafuta sajini."

"Ndiko nilikotoka, Bwana," alijibu Wafula. Akapuliza. "Penalti!"

Siyu ilitetemeka. Bwana Phineas akamtoa kipa wake kwa kumsukuma, akasimama golini yeye. Akaitoa ile bahasha mfukoni, akaichomeka kiunoni, mbele kabisa, ionekane.

"Piga, Badawi," alisema huku anatabasamu. "Lakini ujue unapopigia ndipo pasi yako ilipo."

Badawi akauweka mpira. Mechi arobaini na moja Kilibure, na hata moja haikuwahi kuwa na penalti kama hii. Upande huu mjomba anaomba dua kwa sauti, upande ule Yunusi anapiga kelele za maji. Akarudi hatua nne. Akatazama kushoto kwa kipa, akapiga kulia.

Bwana Phineas aliruka vizuri sana, ila aliruka baada ya mpira kuingia.

Tatu kwa mbili! Filimbi ya mwisho! Watu wakamwagika uwanjani, Badawi akabebwa juu, vigelegele vikapasua masikio, na Mzee Mohdhar akawa anamweleza kila mtu kwamba pigo lile alilifundisha yeye.

Bwana Phineas aliinuka mchangani, mweupe kwa vumbi kama andazi la sukari.

"Kaa hapa basi!" alimwambia Badawi. "Kaa ule samaki mpaka uote mapezi. Pasi hii inarudi dawatini kwangu."

"Bwana," aliingilia Sajini Wafula. Mtu aliyemhukumu mkubwa kwa haki mara moja huwa kama aliyeonja asali. "Bahasha ile ina jina la mtu na lakiri. Ni mali ya mwenyewe. Tafadhali nipe."

"Wafula!"

"Tafadhali, Bwana. Watu wanatazama."

Watu mia tatu walikuwa wanatazama. Phineas akaitupa bahasha kifuani mwa sajini. Badawi akashushwa chini. Wafula akapasua lakiri, akatoa karatasi, akaisoma.

Akaisoma tena.

"Badawi," alisema polepole, "hii si pasi ya Mkenya."

"Ni nini?"

"Hati ya mgeni. Sikiliza: 'Jina, Edi Badawi. Mahali pa kuzaliwa, Kilbrae, Uskochi. Mgeni. Anaruhusiwa kutoka nchini mara moja. Haruhusiwi kurejea.'"

Vigelegele vikakatika kama uzi.

"Kilbrae niliandika kuwa ndipo ninapokaa!" alisema Badawi. "Kuzaliwa niliandika Siyu! Kuna aliyechanganya!"

"Fomu iliyobandikwa nyuma imejazwa upya kwa taipu," alisema Wafula, akigeuza karatasi. "Sahihi chini yake ni ya Bwana Ofisa."

Bwana Phineas akaitazama sahihi yake. Alikuwa na njia mbili: kukiri amekosea, au kumpa mtu nchi nyingine. Akaikung'uta suruali.

"Ofisi haikosei," alisema. "Karatasi ikisema ni mgeni, ni mgeni."

Wafula akavua kofia, akajifuta jasho. Hii haikuwa tena kazi ya refa. Visiwa vilikuwa katika hali ya hatari kwa ajili ya vita vya mpakani, na amri ilikuwa moja: mgeni asiye na kibali halali asilale huku hata usiku mmoja.

"Mambo ni mawili," alisema, na sasa hata wazee walimsogelea kumsikiliza. "Ikiwa yeye ni mgeni, hati hii ni halali. Anapanda mashua hii sasa hivi, anapanda ndege yake, anakwenda kwenye mpira wake. Ila harudi tena. Ikiwa yeye ni mtu wa Siyu, hati hii ni ya uongo. Naichukua, narudisha Nairobi, na nyingine haitapatikana chini ya miezi mitatu."

Miezi mitatu! Julai mosi ilikuwa siku thelathini mbele.

"Nataka shahidi wa kuzaliwa kwake," alisema Wafula. "Mama yake yupo?"

Umati ukapasuka njia. Bi Mwanamkisi akaja taratibu, buibui limeshikwa kidevuni, mkeka kwapani. Wafula akamweleza yote, mara mbili, kwa adabu, kama anayezungumza na mama yake mzazi.

"Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, mwanangu. Mimi si kiziwi."

"Basi sema mbele ya watu hawa. Huyu ni mwanao?"

"Sema, Bi Mwanamkisi!" watu walipaza sauti. "Mwanao! Sema!"

Bi Mwanamkisi akamtazama Badawi. Alimtazama utosini, akamtazama uso uliolowa jasho, akalitazama goti lililochubuka, likitoa damu kidogo juu ya soksi. Hapo kwenye goti macho yake yalikaa sana. Mkono mmoja ukatoka nje ya buibui, ukarudi ndani.

"Mtu huyu simuyui," alisema.



"Mama!" Badawi alisema.

"Ni mgeni," aliendelea Bi Mwanamkisi, sauti haimtetemeki. "Kacheza vizuri, ahsante yake. Mgeni hupewa ndia yake akenda. Mpeni ndia."

"Dada!" Mzee Mohdhar aliruka mbele kama aliyekanyaga kaa la moto. "Umerogwa? Umemvyaa mwenyewe, mimi nimesimama nde ya mlango! Sajini, usimsikize! Nitaapa msikitini, nitashika msahafu! Huyu ni wetu, na Jumamosi tuna mechi na jirani zetu wa Faza!"

"Mohdhar, nyamaza," alisema Bi Mwanamkisi kwa meno.

"Sinyamazi! Ni mwanao!"

Sajini Wafula akatoa daftari mfukoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani angebaki na filimbi tu.

"Mashahidi wawili," alisema, "na mmoja anasema uongo mbele ya polisi, katika hali ya hatari. Huyo sitaweza kumwacha hapa. Nitaondoka naye, pingu mkononi."

"Mashua yagusa tope!" alilia Yunusi kutoka mikokoni. "Ajaye na aje!"

Bwana Phineas alishaanza kukimbia kuelekea mashua, koti mkononi, kwa kasi ambayo hakuionyesha uwanjani.

Bi Mwanamkisi alikuwa amempa Badawi kisogo, uso kauelekeza kwenye njia ya nyumbani kwake. Lakini miguu yake haikusogea.

"Hebu sema wewe mwenyewe," Wafula akamwambia Badawi. "Nitaandika utakavyosema, na neno lako ndilo litakaloamua. Mama huyu ni nani kwako?"

Badawi akamtazama mjomba wake, akaitazama ile hati mkononi mwa sajini, akakitazama kisogo cha mama yake.

"Andika, Bwana Sajini," alisema.

Wafula akalamba ncha ya penseli.